Marekani: Barabara moja, sheria hamsini za mwendo

Lori lenye tela linalotoka bandari ya Los Angeles kwenda Texas kwa barabara kuu ya I-10 hukutana na sheria nne za mwendo njiani, bila kusimama mpakani hata mara moja. California inalifunga maili 55 kwa saa, karibu kilomita 89. Linapita Arizona na New Mexico, na likifika magharibi mwa Texas, vibao vya barabara hiyo hiyo vinasoma maili 80, yaani kilomita 129 kwa saa. Texas haitofautishi lori na gari dogo. Gari ni lile lile, dereva ni yule yule na mzigo haujapungua kilo, lakini mwendo halali umepanda kwa maili 25.

Marekani ni soko moja lenye sarafu moja na barabara zilizojengwa kwa fedha za serikali kuu. Hata hivyo, kila jimbo kati ya majimbo 50 linajipangia kima cha mwendo, linaamua nani apige tochi, na linaamua faini iingie mfuko gani. Kitu kimoja tu ndicho ambacho serikali kuu imekishika kwa nguvu, nacho ni rekodi ya dereva wa lori. Kwa msafirishaji, hicho ndicho chenye gharama kubwa kuliko faini yoyote.

Mafuta ndiyo yaliyoleta maili 55

Kwa miaka mingi majimbo yalijipangia mwendo bila kuulizwa. Hali ilibadilika baada ya nchi za Kiarabu kusitisha mauzo ya mafuta kwa Marekani mwaka 1973. Januari 1974 Rais Richard Nixon alitia saini sheria iliyoweka kikomo cha maili 55 kwa nchi nzima ili kubana matumizi ya mafuta. Serikali kuu haikuwa na askari wa kusimamia amri hiyo vijijini. Ilitumia njia nyingine: jimbo lililokataa lingenyimwa fedha za barabara. Majimbo yote yakakubali.

Mwaka 1987 Bunge la nchi hiyo lililegeza kamba na kuruhusu maili 65 katika barabara kuu za nje ya miji. Novemba 1995 Rais Bill Clinton alitia saini sheria iliyofuta kabisa kikomo cha kitaifa, na madaraka yakarudi majimboni.

Montana ilikwenda mbali zaidi. Iliondoa namba kwa magari madogo wakati wa mchana na kubaki na agizo kwamba dereva aende kwa mwendo wa busara kulingana na hali ya barabara. Busara hiyo ikawa mikononi mwa askari aliyesimama kando ya njia. Dereva mmoja aliyekamatwa akienda maili 85 alikata rufaa, na Desemba 1998 Mahakama Kuu ya jimbo hilo ikasema sheria hiyo haimwelezi raia kosa lake linaanzia wapi. Mwaka 1999 bunge la Montana liliweka maili 75, na tangu 2015 ni maili 80 katika barabara kuu za nje ya miji.

Leo tofauti ni kubwa. Hawaii haivuki maili 60. Majimbo mengi ya mashariki yako kati ya 65 na 70, na ya magharibi kati ya 75 na 80. Kinara ni Texas, ambako sehemu ya barabara ya kulipia namba 130, kati ya Austin na Seguin, inaruhusu maili 85 tangu ilipofunguliwa mwaka 2012.

Barabara hiyo inastahili kutazamwa kwa jicho la mfanyabiashara. Mkataba kati ya jimbo na kampuni iliyoijenga ulieleza kwamba mwendo ukiwa maili 80 jimbo lingelipwa dola milioni 67, na ukiwa maili 85 lingelipwa dola milioni 100. Mwendo ukawa na bei. Magari hata hivyo hayakuja kwa wingi uliotarajiwa, na mwaka 2016 kampuni hiyo iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake.

Bei nyingine hulipwa kwa maisha. Taasisi ya utafiti ya kampuni za bima nchini humo, IIHS, ilikadiria mwaka 2019 kwamba kupandishwa kwa vikomo vya mwendo katika miaka 25 kulichangia vifo karibu 37,000 ambavyo visingetokea.

Lori na gari dogo

Majimbo kadhaa yanaweka vikomo viwili katika barabara moja. California inawabana madereva wa malori yenye ekseli tatu au zaidi, pamoja na magari yanayovuta tela, kwa maili 55, wakati gari dogo linakwenda 65 au 70. Washington inaruhusu lori maili 60 na gari dogo 70. Michigan inaruhusu lori 65 pale gari dogo linapokwenda 70 au 75.

Wanaotetea utaratibu huo wanasema lori la pauni 80,000, yaani tani 36 na ushee, linahitaji nafasi ndefu zaidi kusimama. Wanaopinga wanasema magari yenye mwendo tofauti yakichanganywa, kupita kunazidi na magari madogo huyagonga malori kwa nyuma. Kila upande una hoja, na ndiyo maana majimbo hayajakubaliana.

Kwa mwenye lori hesabu inaanza na saa. Sheria ya serikali kuu inamruhusu dereva wa mizigo kuendesha saa 11 tu baada ya kupumzika saa 10. Kwa maili 55 kwa saa, saa hizo ni maili 605. Kwa maili 70, ni maili 770. Madereva wengi hulipwa kwa maili, kwa hiyo pengo la maili 165 linaonekana mfukoni. Ikichukuliwa mfano wa malipo ya senti 50 kwa maili, ni dola 82.50 kwa siku.

Hesabu hiyo ina upande wa pili. Mwendo ukipanda, upinzani wa hewa unapanda haraka zaidi ya mwendo wenyewe, na dizeli inakwenda nao. Kampuni nyingi kubwa zimefunga vidhibiti mwendo kwa hiari yao chini ya kikomo cha majimbo ya magharibi, ili kuokoa mafuta na bima. Mwaka 2016 serikali kuu ilipendekeza vidhibiti hivyo viwe vya lazima kwa malori makubwa mapya. Pendekezo hilo lilikaa mezani karibu miaka tisa na likaondolewa mwaka 2025. Wenye malori madogo madogo, hasa wanaoendesha wenyewe, walikuwa miongoni mwa waliolipinga.

Maili 86: faini hapa, jela kule

Tofauti ya vibao ni ndogo ukiilinganisha na tofauti ya adhabu. Mfano ni dereva anayekwenda maili 86 kwa saa. Katika barabara namba 130 ya Texas amepita kibao kwa maili moja. Virginia amefanya kosa la jinai.

Sheria ya Virginia inahesabu kuwa ni uendeshaji wa hatari kwenda zaidi ya maili 85 mahali popote, au kuzidi kibao kwa maili 20 na kuendelea. Adhabu ya juu ni miezi 12 jela na faini ya dola 2,500, na kosa linabaki katika rekodi ya dereva kwa miaka 11. Hadi mwaka 2020 mpaka ulikuwa maili 80, hivyo katika barabara yenye kibao cha 70 dereva aliweza kuingia kwenye jinai kwa kuzidisha maili 11 tu.

Georgia inachukua njia ya mfuko. Tangu 2010, anayefika maili 85 katika barabara yoyote, au 75 katika barabara ya njia mbili, anaongezewa dola 200 juu ya faini ya mahakama. Florida ilibana zaidi mwaka 2025: kuzidi kibao kwa maili 50, au kufika maili 100 kwa namna inayohatarisha wengine, kunaweza kumpeleka dereva jela hadi siku 30 kwa kosa la kwanza.

Hata maana ya kibao inatofautiana. Katika majimbo mengi, kuzidi namba ni kosa na hakuna mjadala. Texas inahesabu kuzidi namba kuwa ushahidi wa awali tu. Dereva anayo nafasi ya kumweleza hakimu kwamba mwendo wake ulifaa kwa hali ya barabara siku hiyo. California nayo ina sheria dhidi ya mitego: katika barabara nyingi za mitaa, ushahidi wa tochi haukubaliki mahakamani kama kikomo hakikuthibitishwa na uchunguzi wa wahandisi uliofanyika ndani ya muda uliowekwa.

Kuhusu vifaa, Pennsylvania iliwapa polisi wa jimbo tochi mwaka 1961, na kwa miongo mingi polisi wa miji na vijiji wakanyimwa. Virginia inapiga marufuku vifaa vinavyonusa tochi katika magari yote. Kwa malori ya biashara yanayosafiri kati ya majimbo, marufuku hiyo ni ya nchi nzima tangu 1994.

Kamera nazo zimeligawa taifa. Wisconsin na New Jersey hazikubali kamera za mwendo. Arizona ilizifunga katika barabara zake kuu mwaka 2008 na kuziondoa mwaka 2010 baada ya wananchi kulalamika kwamba ni mradi wa fedha. California ilipitisha mwaka 2023 sheria ya majaribio kwa miji sita. Jiji la New York linaziwasha saa 24 tangu Agosti 2022. Faini ni dola 50, anapelekewa mwenye gari, na haigusi leseni ya dereva. Kwa tajiri mwenye malori, hiyo ni bili ya posta.

Nani anakula faini?

Hapa ndipo uchumi wa jambo hili unapojitokeza. Faini ya mwendo ina faida mbili: inaokoa maisha na inaleta fedha. Ofisi moja ikishika zote mbili, ya pili huimeza ya kwanza.

Macks Creek, kijiji cha Missouri chenye watu mia kadhaa, kilijulikana kwa kupunguza kibao ghafla katika barabara kuu na kukusanya sehemu kubwa ya bajeti yake kwa waliopita. Mwaka 1995 jimbo lilitunga sheria ya kuzuia miji kuishi kwa faini, ambayo hadi leo huitwa kwa jina la kijiji hicho. Kijiji kikafilisika.

Tatizo halikuisha. Machi 2015 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa ripoti kuhusu mji wa Ferguson katika jimbo hilo hilo, ikasema kazi ya polisi na mahakama ya mji ilikuwa imepindishwa na tamaa ya mapato, na kwamba waliobeba mzigo zaidi ni wakazi weusi. Mwaka huo Missouri ilishusha kiwango ambacho mji unaweza kupata kutokana na faini za trafiki hadi asilimia 20 ya mapato yake.

Waldo, mji mdogo wa Florida ulioogopwa na madereva kwa miaka mingi, ulivunja kikosi chake cha polisi mwaka 2014 baada ya askari wenyewe kueleza kwamba walipangiwa idadi ya tiketi za kuandika, jambo ambalo sheria ya jimbo inakataza. Brookside huko Alabama, mji wenye watu 1,200 na kidogo, ulipata karibu nusu ya mapato yake ya mwaka 2020 kutokana na faini na mali zilizotaifishwa. Habari hizo zilipotoka mwaka 2022, bunge la Alabama liliweka kikomo cha asilimia 10. Texas ina kikomo cha asilimia 30 kwa miji yenye watu chini ya 5,000.

Mpita njia ni mlipakodi mzuri kuliko wote. Hapigi kura katika mji huo, hamjui diwani, na hawezi kurudi wiki tatu baadaye kusimama mbele ya hakimu. Dereva wa lori aliye maili 1,000 kutoka nyumbani anajua kwamba siku moja ya mahakama itamgharimu zaidi ya faini yenyewe. Analipa kwa posta na kuendelea na safari. Analolisahau ni kwamba kwa kawaida kulipa ni kukiri kosa, na kukiri kunaingia kwenye rekodi.

Rekodi haina mpaka

Sheria ya mwaka 1986 iliweka leseni maalumu ya magari ya biashara, moja kwa kila dereva, inayotolewa na jimbo lake kwa masharti ya serikali kuu. Kabla ya hapo dereva aliweza kushika leseni za majimbo mawili au matatu na kusambaza makosa yake.

Chini ya masharti hayo, kuzidi kibao kwa maili 15 au zaidi ni kosa kubwa, liwe limetokea Texas au Vermont. Makosa makubwa mawili ndani ya miaka mitatu yanamsimamisha dereva kuendesha gari la biashara kwa siku 60. Matatu, siku 120. Akikutwa na hatia ya kosa lolote la barabarani isipokuwa la kuegesha, lazima amjulishe mwajiri wake ndani ya siku 30.

Majimbo pia yamekatazwa kumfichia. Dereva wa kawaida akikamatwa mara nyingi anaweza kuhudhuria darasa la siku moja na kosa likafutwa, au akakubaliana na mwendesha mashtaka kwamba rekodi ibaki safi. Kwa mwenye leseni ya biashara hilo haliruhusiwi.

Huo ndio mzani halisi. Dereva anayepigwa tochi mara mbili katika majimbo yenye faini ndogo kabisa anaweza kupoteza miezi miwili ya mshahara. Tajiri wake anabaki na lori lililosimama na bima inayopanda wakati wa kuandika mkataba upya. Miongoni mwa madereva hao wamo wahamiaji kutoka Somalia, Kongo na nchi za Afrika Mashariki, ambao familia nyumbani hutegemea fedha wanazotuma.

Serikali kuu bado inatumia fimbo ile ile ya 1974. Mwaka 2025 ilianza kuwasimamisha barabarani madereva wa malori wasiojua Kiingereza cha kutosha kusoma vibao na kuzungumza na askari. California ilipotuhumiwa kutotekeleza agizo hilo, Wizara ya Uchukuzi ilitangaza Oktoba mwaka huo kuzuia zaidi ya dola milioni 40 za jimbo hilo.

Somo kwa wasafirishaji wa kanda hii

Afrika Mashariki imeanza kwa mlango mwingine. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2013 kuhusu uzito wa magari ilikusudiwa kufanya mzani wa Mariakani na ule wa Vigwaza visome kanuni moja. Kenya na Tanzania zote zinayafunga malori makubwa kilomita 80 kwa saa. Kwa namba za vibao, kanda hii iko karibu kukubaliana kuliko California na Texas.

Kilichobaki nyuma ni rekodi. Kosa la mwendo la dereva upande mmoja wa mpaka kwa kawaida hubaki upande huo huo. Dereva aliyefukuzwa kazi kwa mwendo wa hatari katika nchi moja anaweza kuajiriwa nchi ya pili na tajiri asiyejua lolote. Tajiri mwangalifu anayemlipa vizuri dereva msafi hapati faida ya usafi huo kwenye bima, kwa sababu hakuna karatasi ya kuuthibitisha.

Lakini mfano wa Marekani unaonya pia. Rekodi ya pamoja ina thamani pale tu ambapo kukamata ni kwa haki. Ukiunganisha rekodi kabla ya kusafisha barabara, tochi ya mtegoni katika kijiji kimoja itamfuata dereva nchi tano. Uganda iliona sehemu ya ugumu huo Juni 2025, ilipoanza kutoza faini za mwendo kwa kamera na kulazimika kuzisitisha kwa muda mwezi huo huo baada ya malalamiko ya madereva kuhusu viwango na vibao.

Majimbo ya Marekani yaliyofanikiwa kupunguza mitego hayakuanza kwa kubadili vibao. Yalianza kwa kuuliza faini inaingia mfuko gani, yakaweka kikomo, na kile kinachozidi kikaondolewa mikononi mwa wanaokamata. Mawaziri wa uchukuzi wa Jumuiya watakapokaa kuzungumzia leseni ya pamoja, wenye malori wana sababu ya kudai swali hilo lijibiwe kwanza. Wakati wakisubiri, kila tajiri anaweza kuanza na lililo mikononi mwake: kumtaka dereva alete stakabadhi ya kila faini, ya nchi yoyote, na kuiweka kwenye faili lake.